Nipe Dada, Nikupe Dada

"Ukicheka waya unalegea," Tejpal alisema, na yeye mwenyewe anacheka.

"Basi acha kunichekesha. Nani kasema mama yako anafanana na pampu ya kisima?"

"Sikusema anafanana. Nimesema wote wawili wakishawaka, kuzimika ni kazi."

Kesar akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mama mkwe alikuwa uani anakanda unga wa uwele, na masikio yake yalikuwa hayajazeeka.

Kusuka mota ya pampu, yaani kuizungushia waya mpya ikiungua, kunataka watu wawili. Mmoja anazungusha, mwenzake anashika waya wa shaba ubaki umekaza. Mafundi wengine wa kijiji cha Bhadwari walikodi vibarua, lakini Tejpal alimkalisha mkewe. Wanaume walimsengenya kwamba kamfanya mke fundi, naye akawajibu kwamba hajaona mkono unaokaza waya kama ule.

Kesar hakumchagua mume huyu. Walibadilishwa. Kaka yake Kesar, aitwaye Ladu, alikosa mke, na Tejpal naye alikosa, basi kila nyumba ikatoa binti. Nipe dada, nikupe dada. Ndoa zote mbili zilifungwa siku moja, wakauzunguka moto mmoja. Kesar akaangukia penye heri. Sugna, dada yake Tejpal, akaangukia kwa Ladu.

Mlango wa uani ukasukumwa. Sugna akaingia, mkono wa kushoto kaufunga kwa mtandio wake, uso umemvimba upande.

"Wifi," alimwambia Kesar, "nipe maji."

Tejpal akasimama. "Nani kakufanya hivi?"

"Unauliza ili ujue, au unaniuliza ili nisimtaje mbele ya mkeo?"

"Mtaje," Kesar alisema, huku anamnywesha. "Namjua. Alianza na mimi."

"Mkate uliungua upande mmoja," Sugna alisema. "Nikamwambia ageuze, ale ule upande mwingine."

Kesar nusura acheke, akaishia kulia.

Mama mkwe alikuja na unga mikononi. Akamtazama binti yake kwanza, halafu akamtazama mkwewe.

"Utapumzika siku chache, mwanangu, kisha utarudi. Ukikaa huku, wale watamtaka wa kwao."

"Mama, nikirudi safari hii, nitaletwa kwenu kwa machela."

Kesar akamshika Sugna mkono mzima, wakapanda gari la mjini.

Hospitali ya mjini walimfunga hogo jeupe la plasta kutoka kiwiko mpaka vidole. Muuguzi akawapeleka kwa mama mmoja wakili, Nirupama, aliyekuwa akisaidia wanawake bila kuwatoza. Kesar alikaa pembeni, uso kafunika.

"Ipo sheria ya kukulinda hata ndani ya nyumba ya mumeo," wakili alimwambia Sugna. "Tutaomba amri ya mahakama asikukaribie, na akupe matumizi."

"Na huyu wifi yangu? Wanasema mimi nikikaa, yeye atachukuliwa."

"Yeye ni mtu mzima. Si baba, si kaka, si baraza la ukoo linaloweza kumtoa kwa mumewe kama hataki."

Kesar akafunua uso. "Na wao wanalijua hilo, mama?"

"Nani?"

"Baraza."

Wakili akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Chukua namba yangu, binti."

Baba yake Kesar, mzee Bhoma, alipiga simu hata hawajafika nyumbani.

"Mkwe wangu yuko kwenu?"

"Yuko, baba. Mkono umevunjika."

"Mifupa inaunga. Mwambieni arudi. Mwanangu hawezi kujipikia."

"Baba, mimi pia ni mwanao."

"Wewe unalilia nini? Unakula, unapendwa. Kama hutaki kuyakosa hayo, mrudishe mwenzio."

Wazee wa ukoo walikaa, na maneno yao yalikuwa machache. Sugna arudi kwa Ladu kabla mwezi haujaandama, au Kesar arudi kwa baba yake. Nyumba itakayokaidi, hakuna atakayeshiriki nayo maji wala kiko, wala kuipelekea kazi. Tejpal alirudi kutoka barazani amenyong'onyea. Hakugusa mtindi wala mkate.

"Sikia wewe," Kesar alimwambia, maana mke wa kule hatamki jina la mume. "Wakili kasema hawawezi kunitoa."

"Wakili anakaa mjini."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema nikikukosa, nitakufa."

"Hilo silo nililokuuliza."

Akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa na makovu madogo ya waya. "Niachie mimi. Nitapata njia."

Kesar akamwamini. Mungu atusamehe sisi wanawake. Mtu akikupenda, unadhani na akili yake imekaa sawa.

Asubuhi moja Tejpal aliamka mchangamfu. "Sugna, jiandae," alisema. "Leo hospitali wanakukata hogo. Nimeazima pikipiki."

Sugna alifurahi kama mtoto. Akakaa chini Kesar amsuke nywele. "Suka vizuri, wifi. Nisifike mbele ya muuguzi kama mchawi aliyeteremshwa."

"Mchawi gani mwenye hogo? Ungeshindwa hata kushika ungo."

Wakacheka. Tejpal alikuwa nje anaipangusa pikipiki. Simu yake ilikuwa ndani inachajiwa, ikaita. Kesar akaona ni namba ya kaka yake, akapokea. Ladu hakungoja kusikia sauti.

"Shemeji, nipo njia panda, kwenye kibanda cha chai. Nimekuja na gari. Umeshamwambia ni hospitali? Mlete kabla hajastuka."

Kesar akaibana simu sikioni.

"Mbona kimya? Usiwe na wasi, mwanamume. Ukinikabidhi mke wangu, dada yangu ni wako mpaka kufa. Tulishakubaliana."

Kesar akakata simu. Akarudi, akamalizia msuko wa Sugna mpaka mwisho, akaufunga utepe. Kisha akatoka nje.

"Kaka yangu anakusubiri njia panda."

Kitambaa kikamdondoka Tejpal.

"Kesar..."

"Mkono haujaunga hata. Hogo la kweli bado linamuuma, wewe umemtungia la uongo."

"Ameapa hatampiga tena."

"Ameapa kwa nani? Kwako wewe unayemdanganya dada yako?"

"Nimefanya kwa ajili yako!"

"Ndiyo maana inaniuma. Ungefanya kwa ajili ya pesa ningekutemea mate nikapumua."

Tejpal akakaa chini vumbini, akashika kichwa. "Niambie nifanye nini. Nikimwacha abaki, wanakuchukua. Nitaishi vipi?"

"Na yeye ungemrudisha aishi vipi?"

"Sheria itamsaidia baadaye. Wewe ukienda, hurudi."

Kesar alimtazama mume wake. Alikuwa hajamchukia, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alijua angeweza kubaki. Wakili alishasema. Lakini kila siku atakayobaki, huyu mtu atakuwa akitafuta namna ya kumtoa Sugna, leo kwa hogo, kesho kwa dawa, keshokutwa kwa safari ya hekaluni.

"Nakujua," alisema. "Nikiwepo hutatulia mpaka umuuze."

"Kupenda ni kosa?"

"Sijui. Nisikilize. Mimi naondoka sasa hivi. Nikisharudi kwa baba, baraza halina la kumdai Sugna. Akipata amri yake ya mahakama, njoo unichukue. Mchana, mbele ya watu, kama mkeo. Sitakuuliza neno. Utanikuta nimesimama mlangoni."

"Nitakuja. Naapa kwa uhai wangu."

"Usiape. Njoo."

Akaingia ndani kuchukua mtandio na simu yake. Sugna alikuwa amejipaka wanja.

"Tunaenda wote, wifi?"

"Leo hawafungui. Mpigie mama wakili aje akuchukue, ukae huko huko mjini."

"Kwani kuna nini? Kaka yuko wapi?"

"Yupo nje, tumbo limemvuruga," Kesar alisema, akambusu utosini. Hakumtia aibu Tejpal. Mpaka leo Sugna hajui.

Njia panda Ladu alikuwa ameegemea gari, chai mkononi. Alipomwona dada yake peke yake, akachungulia nyuma yake.

"Yuko wapi?"

"Ulikuja kuchukua mwanamke. Ndiye huyu."

"Usinitanie, Kesar. Nataka mke wangu."

"Baraza lilisema mmoja arudi. Mimi nimerudi. Fungua mlango."

"Umeacha nyumba yako kwa ajili ya yule mwanamke asiyejua hata kuoka mkate?"

"Kaka, fungua mlango."

Ladu akamwaga chai chini, akafungua.

Maisha ya binti aliyerudishwa hayasimuliki sana. Aliokota kuni, akakamua nyati, akala wa mwisho. Mchana alisubiri simu. Mwanzoni Tejpal alimwandikia kila siku.

"Hakuna wa kunishikia waya. Leo mota imeungua mkononi."

"Nimekuota."

"Vumilia mpenzi wangu. Bado kidogo tu."

Siku Sugna alipopiga, alikuwa akipiga kelele mpaka simu inakwaruza.

"Wifi! Hakimu ametoa amri! Ladu haruhusiwi kunisogelea, na ameambiwa anilipe matumizi. Nimeanza kushona nguo hapa karibu na kwa wakili. Nina chumba changu. Kina dirisha!"

"Mungu ashukuriwe, wifi yangu."

"Kaka kaja kukuchukua?"

"Anakuja."

Kesar alioga, akavaa sari yake ya rangi ya zafarani. Alisimama mlangoni mchana ule, na kesho yake, na siku zilizofuata, mpaka majirani wakawa wanampita bila kumsalimu kwa kumwonea haya.

Ujumbe ukaja. "Nakuja Jumatatu."

Ukaja mwingine. "Mama anaumwa."

Kisha huu: "Wazee wamesema mabadilishano yamefungwa, kila upande umebaki na binti wake. Atakayeyafungua atatengwa. Tusubiri wasahau."

Kesar alipiga mwenyewe.

"Sikia wewe. Amri imetoka. Sugna yuko salama. Umekwama nini?"

"Wakinitenga, nani ataniletea mota? Mama atazikwa na nani?"

"Twende mjini. Wewe una kazi mikononi. Nitakushikia waya huko huko."

"Kesar, mambo si mepesi hivyo."

"Ungethubutu kumuuza dada yako ili unipate. Kupanda basi kunakushinda?"

 Tejpal akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyelikariri jambo siku nyingi:

"Wewe mwenyewe ndiye uliyepanda gari. Sikukufukuza."

Kesar akaiondoa simu sikioni, akaitazama. Akairudisha.

"Kweli," alisema. "Hukunifukuza."

Ndilo neno la mwisho walilosemezana.

Hayakupita majuma mengi, Kesar akiwa anapepeta ngano, akamsikia baba yake ukumbini akiongea kwa simu kwa sauti ya mtu wa sokoni.

"Mchapakazi sana, ndugu yangu. Ng'ombe, shamba, jiko. Hata mota anasuka! Hapana, hana mtoto. Aliishi na mume kidogo tu... Mkeo si amefariki? Basi wewe umchukue huyu, na yule dada yako aje kwa Ladu wangu. Mke kwa mke. Hakuna wa kumdai mwenzake."

Kesar akaweka ungo chini. Akaingia bila kufunika uso.

"Baba, mimi sibadilishwi mara ya pili."

Mzee Bhoma akaziba simu kwa kiganja.

"Nani kakuuliza?"

Akaendelea kuongea.

Kesar akakimbilia nyuma ya zizi, akatafuta namba ya wakili. Akaibonyeza. Simu ilikuwa imeanza kuita mkono ulipotokea nyuma ya bega lake na kuichukua, bila pupa, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Simu utapewa na mumeo huko uendako," Ladu alisema, akaizima na kuitia mfukoni. "Usinikasirikie, dada. Safari hii nimewaambia wazi nataka mvumilivu."

Kesar aliegemea ukuta wa samadi. Hakulia. Alikuwa anamwona akilini msichana wa kubadilishwa naye, mahali fulani, pengine sasa hivi anapepeta ngano kama yeye, hajui kitu.

"Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Huyo wanayekuletea."

Ladu akafikiri kidogo, akainua mabega.

"Sijauliza. Akifika atasema."