Kwa Machano ni Wapi?

Alasiri ile nilipanda Masingini kufuata maua tu. Shangazi yangu, Bi Mwanakhamis, alikuwa akikaa upande wa pili wa kilima, na uani kwake kulikuwa na mlangilangi ambao ukichanua, wallahi, nyuki wa Dole nzima walikuwa wakifungasha na kuhamia. Ijumaa nilikuwa naoa. Bibi harusi bila ya kikuba cha mlangilangi kifuani si bibi harusi.

Mimi ni Machano Silima, fundi baiskeli. Mwaka huo wa sitini na saba nilikuwa na miaka arubaini, na nilikuwa nimeposa kwa Mzee Masoud, aliyekuwa serahangi, mkubwa wa mabaharia, bandarini. Alinikubalia binti yake Mashavu kwa sababu nilimwambia nina nyumba yangu Amani, ya mawe, madirisha sita. Kusema kweli nilikuwa nimepanga chumba kimoja Ng'ambo. Dirisha lake lilikuwa moja, nalo halifunguki. Lakini mtu ataposaje na dirisha lisilofunguka?

Shangazi akanijazia pakacha, nikalifunga nyuma ya baiskeli.

"Machano, shika njia ya bondeni. Juu kutakuchwa."

"Juu ndiko kwenye kuonekana mji, shangazi. Nikiuona mji wote uko chini ya miguu yangu, nahisi mimi ndiye mwenyewe."

"Mdomo huo! Basi ukipita, pita. Usikae. Na usiuonyeshe mji kidole."

"Kwani mji kaburi?" Sisi tulipokuwa watoto, ukilionyesha kaburi kidole, lazima ukitie mdomoni uking'ate, ama kitaoza.

Shangazi hakucheka. "Wapo wasiojua kwa watu ni wapi mpaka waonyeshwe," akasema, akaingia ndani.

Njia ya mgongoni ilikuwa tope jekundu, mvua imenyesha mchana. Niliisukuma baiskeli mpaka pale miti inapoachana, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupita asisimame. Na mimi nikasimama. Mji wote ulikuwa umelala pale chini, mdogo, wa kutia mfukoni. Minara miwili ya kanisa. Beit el Ajaib na saa yake. Meli mbili bandarini. Taa zilikuwa zinaanza kuwaka. Adhana ya magharibi ikapanda kilima kwa mbali, nyembamba kama uzi...

Uzi ukakatika.

Nyenje nao wakanyamaza. Wote. Kwa mara moja.

Kisha harufu. Nilidhani ni maua yangu. Hayakuwa maua.

Kafuri. Ile ya kuoshea maiti.

Juu ya gogo alikuwa amekaa mtu wa makamo, kanzu nyeupe, mgongo ameupa mji. Makubadhi yangu yalikuwa yamejaa tope jekundu. Miguu yake ilikuwa mitupu na misafi, kama imetoka kuoshwa sasa hivi.

"Asalamu alaykum," nikasema.

Hakuitikia. "Unakwenda wapi?"

"Narudi kwangu."

"Kwako wapi?"

Mwenye akili angesema "huko chini," akapanda baiskeli yake. Mimi nikaona nimepata msikilizaji.

"Unaiona taa ya kijani ile, kushoto ya minara ya kanisa? Ile nyumba ya ghorofa tatu. Ndiyo kwangu."

Taa ile ilikuwa ya Mzee Masoud. Ilikuwa taa ya meli, ameifunga juu ya paa lake, na kila jioni lazima aiwashe.

"Siioni," akasema yule mtu.

"Ile pale! Mji mzima haina mwenzake."

"Nionyeshe kwa kidole."

Nikanyoosha kidole changu cha shahada. Sikumsikia kuinuka. Nilihisi tu shavu lake karibu na bega langu, akiufuata mkono wangu kwa jicho moja kama mtu anayelenga bunduki. Pumzi yake haikuwa na joto. Kidole kikaanza kufa ganzi, kutoka ncha mpaka shina.

"Aaa," akanong'ona. "Nshaiona."

Nilitaka kuushusha mkono. Haukushuka.

"Leo n'tapiga hodi. N'tamuuliza mwenyewe. Atakayesema *ni mimi*... n'tafuatana naye."

Nikageuka nimwambie ni mzaha.

Gogo tupu.

Nikakitia kidole mdomoni, mimi mtu mzima na mvi zangu, nikaking'ata kama mtoto. Hakikuuma. Kilikuwa na ladha ya kafuri.

Nikatazama chini. Taa za vijumba vya njia ya Mtoni zilikuwa zinafumba na kufumbua. Moja, halafu inayofuata, halafu inayofuata. Kitu kilikuwa kinapita mbele yake. Kinaelekea mjini.

Na ndani ya nyumba ile ni nani atakayesema *ni mimi*? Mzee Masoud! Ukimuuliza mwenye nyumba ni nani, atakwambia na mwaka aliotia boriti.

Watu husema hakuna aliyeshuka Masingini kwa baiskeli usiku unaingia akabaki na meno. Mimi nilishuka. Breki ziliniacha mkono kwenye kona ya kwanza, pakacha likaruka kwenye ya pili. Mtoni niliipita sikuiona. Na kila nilipokata kona, harufu ile ilikuwa imenitangulia. Nyepesi haikuwa, ilikuwa nzito, ya chumba kilichofungwa. Kinazini, kafuri. Malindi, kafuri. Ndani ya vichochoro ikawa nzito zaidi, kama naisukuma kwa kifua.

Mlango wa Mzee Masoud ulikuwa wazi. Ngazi kiza.

Na huko juu, kwenye kiza, mtu alikuwa akipiga hodi.

Kwa sauti yangu.

"Hodi! Mwenyewe yupo?"

Nikamsikia Mzee Masoud akikohoa, akivuta viatu vyake. "Nani tena? Mwenyewe ni..."

"Usiitike!" Nilipiga ukelele mpaka koo likachubuka. "Mzee, usiseme! Nimesema uongo! Nimesema hapa kwangu, na si kwangu! Hata Amani si kwangu! Sina nyumba mie! Nimepanga chumba, na dirisha lake halifunguki!"

Viatu vya mzee vikasita.

Ng'ambo ya kichochoro jirani yao, Bi Mize, alifungua dirisha lake, apate kusikia vizuri.

Kisha pale kwenye ngazi, karibu na sikio langu:

"Kumbe huna kwako."

"Sina," nikasema.

"Basi. N'takuja ukipata."

Baridi ikanipita ubavuni, ikatoka nje. Harufu ikaondoka nayo.

Mashavu akatokeza juu na kandili. "Dirisha halifunguki?"

"Halifunguki."

"Na yale sita ya Amani?"

"Hayapo hata moja."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Baba yake hakucheka. Ndoa aliisogeza miezi miwili, na mpaka anakufa alishikilia kwamba sauti zote mbili usiku ule zilikuwa zangu. Labda. Lakini kidole changu cha shahada hakijakunjika tena mpaka leo. Watu nawaambia kilikatwa na mnyororo wa baiskeli.

Tukaoana, tukakaa Ng'ambo na dirisha letu. Mwaka jana Mzee Masoud alifariki, Mungu amrehemu, na nyumba ikabaki mikononi mwa Mashavu. Nilikataa kuhamia. Akalia. Nikakubali kwa sharti moja: nyumba ni yake, mimi mgeni. Kila jioni lazima nisimame mlangoni nipige hodi, na yeye aitikie, "Karibu, mgeni." Majirani wanasema Machano ameingia wazimu. Na wanishukuru; ningeweza kuwaeleza.

Lakini midomo ya watu huifungi kwa kufuli. Nyumba yenye mume haiitwi kwa jina la mke. Muuza samaki akaanza: nakwenda kwa Machano. Fundi wa mabomba: bomba limepasuka kwa Machano. Nilimkemea mmoja mmoja. Nikikemea mmoja, wanasema kumi. Kwa Machano. Kwa Machano.

Leo baada ya alasiri Bi Mize kaniita dirishani kwake.

"Naam, Bi Mize. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Jana magharibi ulikuwa hujarudi kazini, alikuja mgeni wako. Mtu mstaarabu, kanzu yake nyeupe. Anauliza kwa Machano ni wapi."

"Mkamwambia nini?"

"Tuko sote barazani, tutamficha? Tukamwonyesha, akasema atarudi leo."

"Kwa mdomo?"

Bi Mize akanicheka. "Kwa kidole, baba. Sote."

Sasa magharibi inaingia. Juu ya paa Mashavu keshaiwasha taa ya kijani.