Dole Langu kwenye Karatasi ya Bibi Theopista

Mimi Machibya, Mamba yote hakuna aliyeniweza kwa baiskeli. Nilishapakia magunia mawili ya mpunga na mke wangu juu yake, nikapanda mlima huku napiga mluzi. Ndiyo maana mwaka tisini na sita, Gelasius, karani wa parokia aliyetoka Karema, alipotaka kufika kwa Bibi Theopista kabla jua halijazama, alinitafuta mimi.

Bibi alikuwa anadai ana miaka mia na thelathini. Gelasius katumwa kuhakikisha. Kitabu cha ubatizo cha enzi hizo kililiwa na mchwa, kwa hiyo anatafuta mzee aliyemjua bibi zamani, aweke dole kwenye karatasi. Njiani, ili aniheshimu, nikamwambia mimi mwenyewe niliwaona Wabelgiji wakiingia Karema na bunduki, mambo ya zaidi ya miaka mia iliyopita. Akaitikia kwa kichwa. Nikajua kaamini.

Nje kwa bibi walikaa vikongwe watatu kwenye gogo. Gelasius akawauliza mmoja mmoja kama watamshuhudia. Wakatazama chini. Mmoja akanivuta suruali, akaninong'oneza.

"Usiweke dole, kaka."

Kaka! Kizee hakina hata jino. Nikacheka.

Ndani kulinuka udongo mbichi... kama kaburi limechimbwa sasa hivi. Bibi kajikunja kwenye kitanda cha kamba, mdogo kama kifurushi. Gelasius akamwambia shahidi hakuna. Halafu akanigeukia.

"Machibya, wewe si uliwaona Wabelgiji?"

Mwanaume narudi nyuma vipi hapo? Nikasema niliwaona. Nikaongeza kwamba hata bibi nilimwona mwaka huo, anatwanga, mimi nachunga mbuzi.

Bibi akageuza shingo. Ka... ka... ka... kama kuni kavu.

"Nakukumbuka," akasema polepole. "Miaka yote hiyo umeibeba wewe?"

"Nimeibeba, bibi."

Nikachovya dole kwenye wino. Nikakandamiza.

Bibi akacheka.

Sauti ya msichana.

Kurudi, pedali zikawa nzito. Magoti yakalia. Gelasius akashuka, akanimulika tochi usoni. Akanipandisha nyuma, akaendesha yeye. Mimi, kupakiwa! Nikakohoa, kitu kikadondoka kiganjani.

Jino.

Halafu la pili.

Nyumbani mke wangu Matilda akatoka na kibatari. Akapiga goti.

"Shikamoo, babu. Mwenyeji hayupo, ametoka na baiskeli."

Nikajaribu kupiga mluzi wangu anijue. Hewa tupu. Akatazama shati langu... akaangusha kibatari.

Bibi Theopista hakuonekana tena. Ila kesho yake watu walimwona msichana mgeni anatoka mlangoni kwake, kifurushi kichwani, anashika njia ya Sitalike. Na yule kizee aliyenivuta suruali nimekuja kumjua. Anaitwa Malale. Mama yake mzazi yuko hai, bado anapita vijijini kuulizia mwanawe, kijana wa miaka thelathini na moja. Amepita mbele ya gogo mara mbili.

Siku hizi nakaa pale naye. Mimi nina miaka arobaini na mbili, na hapo sijatia chumvi. Gelasius kaniambia nikipata mtu mmoja tu wa kunishuhudia kwa dole, ataandika miaka yangu ya kweli. Nimezunguka Mamba yote na mkongojo. Jana nimemwomba Matilda.

Akatazama chini.