Kengele Mbili Mchangani

SAA MBILI ASUBUHI. Chumba cha nyuma ya gereji, mlango umekomewa. Mkuu wa genge hakuketi. Alisimama nyuma ya watu wake, akiwapumulia shingoni.

Mpango ulikuwa mfupi. Kampuni ya waopoaji ilikuwa imepata sanduku la vito kwenye meli iliyozama. Imelifunga kengele, na saa sita mchana itarudi na winchi kulipandisha. Wao watatangulia, walivunje na kuchukua vito tu.

Kengele hiyo hailii ovyo. Ni kitendawili: namwita simwoni, ananijibu hana mdomo. Boti inapiga mlio majini, kengele inajibu, na muda wa jibu na upande linakotokea huonyesha kwenye skrini mahali ilipo. Namba ya kuiitia aliijua mmoja tu, Sikio, fundi aliyefukuzwa na kampuni hiyo hiyo. Mzamiaji alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Naye angevaa kengele yake kiunoni.

"Watu wawili, nyumba moja," Mkuu akasema. "Mkinichezea, nitachimba kaburi moja tu."

Sikio akachukua mtambo wake. Mkewe alikuwa amemwagiza neno moja: uende naye, urudi naye.

SAA NNE NA NUSU. Boti ikasimama juu ya meli iliyozama, shemeji akapiga mbizi. Kwenye skrini zikawaka nukta mbili. Ya sanduku ilisoma kina cha mita ishirini, mbili juu ya sakafu ya bahari, maana kampuni huiinua kengele kwa boya dogo, mchanga usiimeze. Ya shemeji ilipanda na kushuka kidogo kidogo. Mkuu akataka kujua kwa nini inacheza. Sikio akamweleza kwamba mzamiaji akivuta hewa huinuka, akiitoa hushuka.

SAA TANO KASORO KUMI. Nukta ya shemeji ikatulia tuli.

Sikio akasogeza uso. Zote mbili sasa zilisoma mita ishirini na mbili, bega kwa bega. Maiti hafungui kengele ya sanduku na kuilaza kando ya yake. Shemeji amezivua zote, ameziacha mchangani, ameondoka na vito. Mume wa dada yake amemwacha mbele ya bastola ya Mkuu.

Neno moja tu la Sikio, na boti ingezunguka mwamba uliokuwa karibu, maficho pekee pale, ikamkuta. Kwa mzigo ule hangefika mbali.

"Mbona haipumui?" Mkuu akauliza polepole. Somo lilikuwa limemwingia.

"Amekufa."

Machozi yakamtoka bila kuitwa. Yalikuwa ya kweli: shemeji aliyemjua hakuwepo tena.

Mkuu akamtazama, akaitazama skrini, akamtazama tena. Kwa mbali meli ya kampuni ilikuwa imeshachomoza. Akamwamuru dereva aondoe boti. Kisha, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaketi, ubavuni kwa Sikio, akamwekea mkono begani.

"Pole sana, mwanangu. Tunapitia kwako kwanza," akasema. "Dada yake nitampa habari mwenyewe. Nataka nione anavyolia."