Vema ya Mashewa

Deogratius alikutwa amelala kifudifudi katika karakana yake ya kompyuta, Korogwe, saa saba mchana. Mkewe, Faudhia, ndiye aliyemkuta alipompelekea chakula. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Pembeni yake palikuwa na stabilaiza ya umeme yenye damu.

Inspekta Agripina Mdoe aliwaachia wataalamu wachukue alama za vidole, yeye akautazama ukuta. Pini nne, karatasi hakuna.

"Hapa palikuwa na nini, mama?"

"Orodha yake. Alitengeneza programu ya dozi za dawa, akaigawa bure kwa zahanati. Orodha ilionyesha kila kompyuta, mfumo endeshi wake, na nani aliyekwenda kuipima. Ikifanya kazi sawasawa, inawekwa alama ya vema. Bila vema haitumiki."

"Nani alikuwa anapima?"

"Yeye na Sabiri wa Handeni." Faudhia alifuta machozi. "Juzi alirudi kutoka Mashewa, hakula. Alisema tu kwamba muuguzi wa watu anafungwa bure."

Agripina aliwasha gari.

Nje ya zahanati moja binafsi huko Mashewa, muuguzi Josefina alikuwa ameketi bila sare. Alikuwa amesimamishwa kazi, na wiki ijayo angepanda kizimbani. Mtoto wa Kudra, mama wa hapo kijijini, wa miezi minane, alikufa kwa dozi aliyompa yeye.

"Kompyuta ilisema ishirini na tano," alisema. "Nikasita, nikampigia Sabiri. Akasema hiyo imeshapimwa, niifuate."

Kompyuta yenyewe ilikuwa kongwe, na mfumo wake wa zamani. Agripina aliandika 2.5. Kioo kikaonyesha 25, nukta imemezwa.

"Nipe kitabu cha wageni."

Nchi hii, hata aliyekuja kuuliza njia husainishwa kitabu cha wageni. Agripina alifunua kurasa tangu Januari hadi juzi. Jina la Sabiri hakuliona. La Deogratius lilikuwa la mwisho, na kwenye safu ya maoni ameandika: "Orodha inasema Sabiri alipima hapa tarehe 12 Machi. Hakufika. Muuguzi hana kosa."

Jioni hiyo Sabiri aliketi mbele yake katika kituo cha polisi Handeni.

"Ya Mashewa alipima nani?"

"Marehemu mwenyewe."

"Lini?"

"Machi."

Agripina alikifungua kitabu mezani. Sabiri alisoma.

"Na alama za vidole ulizochukuliwa hapa zimelingana na za kwenye stabilaiza."

Sabiri alikisukuma kitabu kando. "Mvua ilikata barabara," alisema. "Zote nilizopima zilikuwa zimekubali. Nikasema na hiyo itakubali. Nikaweka vema nikiwa nyumbani."

"Na Deogratius?"

"Alikuwa anaipeleka orodha mahakamani. Nilimwomba tuseme muuguzi alisoma vibaya. Akanipa mgongo."

"Ulijua mwanamke yule angefungwa."

"Nilijua."

Agripina alitamani kumzaba kofi, na hakuona aibu kutamani.

"Orodha iko wapi?"

"Nimeichoma."

"Vema ngapi nyingine uliziweka ukiwa nyumbani?"

Sabiri alihesabu kwa vidole vya mikono yote miwili, vikaisha.

"Kumi na moja."

"Zitaje."

Ya kwanza ilikuwa zahanati ndogo upande wa Mombo. Agripina alipiga simu; iliita muda mrefu ndipo muuguzi akapokea, akaambiwa ni polisi. Nyuma yake mtoto alikuwa analia.

"Subiri kidogo, afande," alisema. "Namalizia kumpa mtoto dawa."

"Usimpe," Agripina alisema, amekwishasimama. "Dada, usimpe."