Zulia la Mgonjwa

Jua lilikuwa linazama Mama Mazulia, mnunuzi wa mazulia ya zamani, alipobisha mlango wa mwisho wa siku hiyo. Miguu ilimwaka moto. Binti aliyemfungulia alionekana kachoka kuliko yeye, lakini kabla salamu hazijaisha alikuwa ameshamwekea kiti na mto wa mgongoni.

"Kaa kwanza, mama. Zulia halina miguu, halikimbii."

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi kidogo. Humo alilala mama yake binti, macho wazi, mwaka wa tatu sasa bila neno wala kujigeuza.

"Zulia hili Bibi alilifuma mama akiwa mtoto, mahututi," binti alinong'ona. "Watu wanasema alichanganya nywele za mama na sufu, akamfungia humo asife. Kama ni sufu tupu, nitaliuza nimnunulie dawa. Kama kuna nywele..."

Aligeuka kuutazama mlango ule.

Mama Mazulia alikunja pembe ya zulia lililotandikwa sakafuni, akatazama mgongo wa zulia, maana uso hudanganya. Mafundo yalikuwa madogo kama ufuta, yamebanana. Katika upana wa kidole alihesabu kumi na mawili. Kazi ya miaka. Zulia hilo lingeweza kununua nyumba.

Akafungua fundo moja la ukingoni, auchome uzi wake.

"Asante."

Sauti kavu. Kutoka chumbani.

Binti alijiziba mdomo. "Ni mama," alisema kupitia vidole.

Mama Mazulia aliwasha kiberiti. Uzi ulisinyaa, ukanuka nywele, jivu likasagika. Sufu hunuka hivyo ikiungua.

Na nywele za mtu hunuka hivyo hivyo.

"Sasa ni ipi?"

"Sijui, mwanangu. Kwa moto, sufu na nywele hazitofautiani."

Akafungua la pili.

"Asante..."

Wakapiga magoti wote wawili. Fundo, asante. Fundo, asante. Kila mara sauti ilikuwa nyepesi zaidi, kama ya mtu anayetuliwa mzigo. Binti alimkunjia mgeni shuka chini ya magoti, akamsogezea taa. Mstari wa kwanza ulipokwisha, pumzi ya chumbani ilikuwa imepungua mpaka wakaitegea sikio.

Binti akasimamisha mkono.

"Tukimaliza, mama atakuwa wapi?"

Mama Mazulia aliuweka uzi chini. Alimshika bega. "Kachoka, mwanangu. Mwachilie."

"Najua kachoka."

Lakini aliokota uzi mmoja sakafuni, akaupitisha ulikotoka, akakaza fundo. Akaokota wa pili. Vidole vyake vilikwenda upesi, bila kukosea hata mara moja.

"Nani alikufundisha?" Mama Mazulia alinong'ona.

Binti alivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Havikusimama.

"Hakuna."

Chumbani, mama yake alianza kulia.