Lugha ya Bibi wa Theluji

Walikutana kwenye kibanda cha fundi simu, saa ambayo soko lote linasukumana kurudi nyumbani. Kinyozi ndiyo kwanza akabidhiwe simu yake yenye kioo kipya, mara ikaita. Sauti ya mwanamke mzee ikammwagia maneno asiyoelewa hata moja.

Msichana mwenye sare ya unesi akamkimbilia akihema. "Kaka, hiyo simu ni yangu. Fundi amezichanganya."

"Basi mwambie bibi yako asinifokee. Sijamkosea."

"Hakufokei. Anakuuliza umekula."

Wakacheka. Nesi akamweleza kuwa bibi yule ni mwalimu mstaafu wa ng'ambo, mpweke, mwenye hamu ya Kiswahili. Nusu saa wanazungumza lugha yake, nusu saa Kiswahili. Nesi alitaka siku moja kufanya kazi katika hospitali za huko. Kinyozi akampachika mzee jina la Bibi wa Theluji.

Penzi likakolea. Kila jioni nesi alipitia saluni, gauni la maua likimcheza miguuni. "Umekula, baba?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Kisha aliketi kwenye kiti cha pembeni, akapiga soga na Bibi na kuangua vicheko.

"Mnanisengenya?"

"Tunakusifu, Bwana Mkasi. Nyoa vichwa vya watu."

Kinyozi alitabasamu, lakini moyo ulimuuma kusimama nje ya mlango wa lugha hiyo. Akaichukua namba ya Bibi kimyakimya kwenye simu ya nesi, akamsihi amfundishe na yeye, wala asimwambie nesi. Alitaka kumposa kwa lugha hiyo, ajue kwamba atamfuata popote. Bibi akakubali. Asubuhi nyingi kinyozi alifagia nywele huku akiyarudia maneno ya posa.

Jioni moja nesi akapokea simu kama kawaida, kwa lugha ya ng'ambo, akimtabasamia kinyozi kwenye kioo.

"Tiketi imetoka. Naondoka Ijumaa. Nitamwandikia nikishafika. Akinishika mkono nitabaki, na nikibaki nitamchukia."

Mashine ikasimama juu ya sikio la mteja. Kinyozi alikuwa ameelewa kila neno.

Bibi akauliza haraka nesi yuko wapi.

"Saluni kwake. Usiogope, haelewi."

"Kata simu, mwanangu," Bibi akasema.

Maneno ya posa yalimjaa kinyozi kinywani, yakakwama. Yaliyotoka, kwa lugha ileile, yalikuwa mengine: "Nenda. Sitakushika mkono."

Tabasamu likamfia nesi usoni. "Nani kakufundisha?"

"Aliyekufundisha wewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Kulikuwa na jambo nilitaka ulisikie kwanza."

"Jambo gani?"

"Wewe ulikuwa na siri yako, mama. Niachie na mimi yangu."

"Jamani," mteja akanong'ona, "mimi nimenyolewa nusu."

Hakuna aliyecheka.

Alhamisi nesi alikuja kuaga. Walisimama mlangoni wakiwa na lugha mbili, wasipate neno hata moja. Kinyozi alifumbata mikono nyuma mpaka nesi alipopotea kwenye kona.

Jumapili Bibi alipiga. Mara hii alizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha nesi kabisa, mpaka ule mvuto wa sauti ya kubembeleza mwishoni.

"Umekula, baba?"

Kinyozi akaketi kwenye kiti cha pembeni. Sahani ilikuwa mezani tangu mchana, haijaguswa.

"Nimekula, Bibi," akasema, akaifunika.