Kona ya Dirishani

Sabufa ilinguruma kabla Pontien hajaichomeka. Fundi huyo aliutazama waya, bado umeviringishwa mkononi mwake, akajiambia kwamba ni lori limepita kwenda bandari ya Kalundu.

Ulikuwa mchana wa mwaka 2003, mtaa wa Rugenge, siku ambayo bunduki za milimani zilikuwa zimenyamaza. Sévère, mwenye nyumba, aliivusha sabufa hiyo kutoka Bujumbura kwa sababu, alisema, saluni yake, sebule ya wageni, ilikuwa na ukimya mbaya. Aliagiza iwekwe mlangoni au popote, ila si kona ya dirishani, kisha akaenda uani kuwasha jenereta.

Pontien alikuwa na njia yake. Sabufa huwekwa kwanza juu ya kiti cha msikilizaji, halafu mtu hutambaa kando ya kuta. Pale besi inapojaa bila kuvuma ovyo, hapo ndipo mahali pake. Kwa kuwa mgongo ulimuuma, alimwomba Anne atambae.

Anne alikuwa mke wa Révérien, kaka mkubwa wa Sévère. Miaka mitano nyuma, Anne akiwa mkimbizi Burundi, askari waliingia mjini. Aliporudi, Sévère alimwambia kuwa mumewe alipanda mashua ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, aliteremka bandarini kuwauliza mabaharia. Matanga hakuwa ameyakalia. Mume aliye safarini haliliwi.

Muziki ulianza. Mlangoni besi ilikuwa nyembamba, kando ya kabati ikapotea. Kwenye kona ya dirishani, juu ya sima, saruji ya sakafu iliyokuwa mpya kuliko kwingine, ilijaa mpaka ikamwingia Anne mbavuni, na pamoja nayo ikaja harufu ya udongo mbichi na ya tumbaku, na chini ya muziki mtu akakohoa mara mbili, kama Révérien alivyokohoa kabla ya kusema neno, na Pontien akachomoa waya, na uani jenereta ikazimika yenyewe, na ile sauti bado ikapanda kutoka kwenye sima, polepole, ikiita, Anne, Anne.

Sévère alikuwa amesimama mlangoni.

"Shemeki, toka pale," alimnong'oneza shemeji yake.

"Weye uliniambia alivuka," Anne alisema.

Sévère alikaa chini palepale. Alisimulia kwamba siku ile kaka yake alikuja mbio, askari nyuma yake, akagonga, na yeye aliyekuwa ndani hakufungua. Askari walipomuua na kuondoka, alimwingiza akamzika humu, kwa maana njia ya makaburini ilikuwa imefungwa. Aliyewahi kusikia buti kizingitini kwake ataelewa mkono uliokataa kugusa komeo. Zile Jumapili zote alizomwacha Anne ateremke bandarini ni ngumu zaidi kuelewa.

"Minye nilikuwa na woga," alisema. "Iko muntu wa maombi kule Lubarika. Atamutoa leo hii."

"Hakuna muntu atamutoa."

Anne alifungua kitambaa cha kichwa, akaketi juu ya sima, akapaza kilio. Majirani wakaingia wakiuliza ni nani.

"Bwana yangu."

"Amekufa lini, mama?"

Anne alimtazama Sévère.

"Leo."

Wanawake waliketi kumzunguka, wakapokea wimbo wa kilio, na chini yao sauti nzito ya mwanamume ikaanza kuwaitikia.